Balbu na Kompyuta Hazifai Kulala Chumba Kimoja

Fungua ukurasa wa ruta yako, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, usiku mmoja, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kisha hesabu. Mimi niliifungua nikitafuta jambo jingine kabisa, sababu ya intaneti kuzorota, nikakuta vifaa 19. Kumi na kimoja nilivitambua mara moja: simu, kompyuta mpakato, runinga, printa. Vilivyobaki vilikuwa na majina yasiyosema chochote. Kimoja kilijiita ESP_ na kufuatiwa na mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita, jina ambalo chipu ya ESP8266, iliyotapakaa katika vifaa vingi vya nyumbani, hujipachika pale mtengenezaji anapokuwa hakujali kukipa kifaa chake jina.

Nilizunguka nyumba nzima nikichomoa kifaa kimoja baada ya kingine, macho yakiwa kwenye orodha ile, mpaka jina likatoweka. Ilikuwa soketi janja nyuma ya jokofu. Programu yake nilikwisha kuifuta kwenye simu zamani, nilipochoshwa na matangazo yake. Soketi yenyewe ilibaki pale pale ukutani na nywila ya Wi-Fi yangu kichwani mwake, ikiendelea kuzungumza na seva nisizozijua, na ikiwa na haki zile zile ndani ya mtandao ambazo inazo kompyuta ninayofanyia mambo ya benki.

Haki zile zile. Hapo ndipo penye tatizo. Tunapozungumzia usalama wa vifaa janja, tumezoea kuuliza kama kifaa ni kizuri au kibaya, kama kampuni yake inaaminika au haiaminiki. Swali hilo halina jibu la kudumu. Kifaa kilichokuwa salama mwaka jana huacha kupata masasisho mwaka huu, kampuni huuzwa, seva hubadilisha mikono, na mnunuzi hana habari. Swali linalojibika ni jingine: kifaa hiki kinahitaji kuzungumza na nani ili kifanye kazi yake? Soketi ile inahitaji kufika kwenye seva yake, basi. Haina shughuli na kompyuta yangu, wala na diski ninamoweka picha za familia na nakala za akiba. Kama haina shughuli nazo, isiwe na njia ya kuzifikia.

Mtandao wa kawaida wa nyumbani una ukuta mmoja tu, nao unatazama nje. Anwani za ndani, zile zinazoanza na 192.168 au 10, zilitengwa kwa matumizi binafsi mwaka 1996, na hazifikiki moja kwa moja kutoka intaneti, kwa hiyo anayebisha kutoka nje kwa kawaida haitikiwi. Ukishapita ukuta huo, ndani hakuna mlango hata mmoja. ARP, itifaki inayotumiwa na vifaa kutafutana katika mtandao mmoja, iliandikwa mwaka 1982, enzi ambapo kompyuta zilizounganishwa pamoja zilikuwa chache na wenyewe wakifahamiana. Inafanya kazi kwa kupaza sauti. Kifaa huuliza, "Nani mwenye anwani hii?" na anayeitikia huaminiwa bila kudaiwa kitambulisho. Kifaa kilichotekwa kinaweza kuitikia kwa anwani ya ruta, na mawasiliano ya wenzake wote yakaanza kupitia mikononi mwake. Ni kweli kwamba tovuti nyingi siku hizi husimba mazungumzo, hivyo mwizi huyo hasomi kila neno. Lakini anaona nani anawasiliana na nani, na hakuna kinachomzuia kuzunguka akijaribu kitasa cha kila kifaa kilichomo humo, usiku kucha, siku zote.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza vifaa 93 vya nyumbani. Kilichonivutia ni kwamba hawakuhangaika na yale yanayotoka kwenda intaneti peke yake, walisikiliza pia yale vifaa vinavyoambiana ndani kwa ndani. Walikuta vifaa vikijitangaza kwa yeyote aliye karibu: majina yao, namba za utambulisho zisizobadilika, aina na toleo la programu. Programu za simu nazo zinaweza kuyaokota hayo na kuyapeleka nje. Ndiyo maana tangu iOS 14, mwaka 2020, iPhone huuliza ruhusa kabla programu haijaanza kutafuta vifaa vingine ndani ya mtandao. Wengi wetu hubonyeza "ruhusu" bila kusoma, kwa sababu tunataka programu ifunguke. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni ile nywila moja ya Wi-Fi tunayokivalisha kila kifaa kinachoingia nyumbani.

Wanaosema haya ni maneno ya kutishana tu wakumbuke mwaka 2016. Programu hasidi iitwayo Mirai ilikuwa na orodha fupi ya jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani, za aina ya admin na admin. Ilizunguka intaneti ikibisha kwenye mlango wa Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa kutoka mbali, wa kamera, virekodi vya video na ruta, ikijaribu jozi hizo moja baada ya nyingine. Kifaa ambacho mwenyewe hakuwahi kubadilisha nywila kilifunguka. Tarehe 21 Oktoba 2016, jeshi la vifaa hivyo lilielekezwa kwa Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti nyingi kubwa. Twitter, Netflix, Reddit na GitHub zikawa hazifikiki kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakuona tofauti yoyote. Picha ziliendelea kuonekana, taa ndogo iliendelea kuwaka. Kifaa kilichotekwa hakilii.

Mirai ilitoka nje ikaingia ndani. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni aina ya pili, ile inayoletwa ndani na mwenye nyumba. Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyotekwa ambavyo vingi ni visanduku vya runinga vinavyotumia Android. Baadhi vilikuwa na programu hasidi kabla havijafika kwa mnunuzi, vingine viliipata wakati wa kuwashwa kwa mara ya kwanza, vilipopakua programu zilizohitajika ili vianze kazi. Mwezi uliofuata Google ilifungua kesi Marekani na kusema vifaa hivyo vimezidi milioni 10. Moja ya matumizi yake ni kupitishia mawasiliano ya wahalifu, ili yaonekane yametoka nyumbani kwa mtu asiye na hatia. Hapo ukuta wa nje hauna kazi tena. Adui hakuruka ukuta. Umemnunua, umembeba, umemfungulia boksi, ukampa nywila kwa mkono wako.

Ofisini jambo hili lilijifunzwa kwa gharama kubwa. Mwaka 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa taarifa za kadi milioni 40, na wezi walianzia kwenye akaunti ya mkandarasi wa mitambo ya majokofu na viyoyozi. Mtu wa majokofu hakuwa na sababu yoyote ya kuwa njia ya kufikia mashine za malipo, lakini kuta za ndani hazikutosha kumzuia aliyetumia jina lake. Mwaka 2019 ofisi ya FBI ya Portland ikawaambia watu wa kawaida waziwazi kwamba jokofu lao na kompyuta mpakato yao visiwe kwenye mtandao mmoja. Ushauri huo una miaka kadhaa sasa. Nyumba nyingi bado zina mtandao mmoja.

Basi kutenga maana yake nini hasa? Ni kuugawa mtandao mmoja uwe miwili au zaidi, kila mmoja na fungu lake la anwani, halafu kuiweka ruta katikati kama mlinzi wa mlango. Katika vifaa vya kitaalamu kazi hiyo hufanywa kwa VLAN. Kila pakiti ya data inayopita kwenye waya hubandikwa lebo yenye namba, na swichi, kifaa kinachounganisha waya za mtandao, huhakikisha pakiti ya lebo moja haimwagikii kwa wenye lebo nyingine. Kiwango kinachoeleza lebo hizo, 802.1Q, kilitoka mwaka 1998, na namba yake ina biti 12, kwa hiyo mtandao mmoja unaweza kugawanywa mara 4094. Nyumba inahitaji mbili, pengine tatu.

Lakini kugawa peke yake hakutoshi, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Ruta kazi yake ya asili ni kuunganisha mitandao, kwa hiyo ukigawa miwili bila kuandika sheria, mara nyingi ruta itaiunganisha tena kwa moyo mweupe. Kinachotenga ni sheria, na sheria yenyewe inahusu upande: nani anaruhusiwa kuanza mazungumzo. Ngome ya ruta (firewall), sehemu inayotekeleza sheria hizo, hukumbuka aliyeanza. Simu yangu iliyo upande wa kuaminika ikiifungulia kamera mazungumzo, kamera inaruhusiwa kujibu, kwa sababu ngome inajua jibu hilo liliombwa. Kamera ikianza yenyewe kuitafuta kompyuta yangu, inagonga ukuta. Kwa hiyo sheria ni hizi: wa ndani wanaweza kuwaita vifaa, vifaa vinaweza kwenda intaneti, vifaa haviwezi kuwaita wa ndani, wala kufungua ukurasa wa kusimamia ruta. Ukizielewa hizo, umeelewa sehemu kubwa ya somo hili, na majina mengine yote ya kitaalamu ni namna tofauti za kuziandika.

Asiye na ruta ya kuandikia sheria afanye nini? Atumie mtandao wa wageni. Wataalamu wengi huudharau kwa sababu hauna mapambo, mimi nautetea. Ruta nyingi za nyumbani zinao, huwashwa kwa kubonyeza mara moja, na lengo lake ni lile lile: anayeingia humo apate intaneti lakini asione vilivyo ndani. Ni ukuta usio na dirisha. Hauna ule ujanja wa kukumbuka aliyeanza mazungumzo, kwa hiyo simu yako iliyo upande wa kuaminika haitaifikia balbu moja kwa moja. Lakini balbu nyingi, soketi na kamera huamrishwa kupitia seva ya kampuni hata pale simu inapokuwa hatua mbili kutoka kwenye kifaa, na hivyo hutahisi tofauti. Ukuta wa mtandao wa wageni uliowashwa leo una faida kuliko VLAN tano ulizopanga kuzitengeneza siku utakayopata nafasi.

Pia kuna faida ambayo sikuitarajia nilipoanza. Balbu na soketi nyingi hazijui WPA3, kiwango cha usimbaji wa Wi-Fi kilichotangazwa mwaka 2018, kwa hiyo nyumba yenye mtandao mmoja hulazimika kubaki na WPA2, kiwango kilichotangulia, ili kifaa kizee kisiachwe nje. Kifaa kidhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua ulinzi wa wote. Ukitenga, vifaa vibaki na WPA2 yao, na simu na kompyuta zipande ngazi.

Kinachowakatisha tamaa wengi si dhana, ni kazi ya mikono. Una balbu 12. Kila moja ilisajiliwa kwa kuwashwa na kuzimwa mara kadhaa mpaka iwake na kuzima kwa kasi, kisha programu iitafute, ikose, uanze upya. Nani atarudia hayo mara 12? Hapa kuna njia ambayo natamani kila kijitabu cha ruta kingeiandika ukurasa wa kwanza: usihamishe balbu, hameni nyinyi. Mtandao mpya wa wageni upe jina lile lile la Wi-Fi ya zamani na nywila ile ile ya zamani. Mtandao mkuu upe jina jipya na nywila mpya. Balbu, soketi na kamera zitalitafuta jina zinalolijua, zitalikuta, zitaingia zenyewe bila kuguswa, zisijue kwamba nyumba imebadilika. Unabaki na kazi ya simu na kompyuta, ambazo ni chache na zina kioo cha kuandikia. Zaidi ya hayo, nywila ya zamani mmeshaigawa kwa mafundi, majirani na marafiki wa watoto. Ni sawa kabisa iwe ndiyo nywila ya upande usioaminika. Hakikisha tu kwamba mtandao huo wa vifaa unatumia WPA2 kama zamani na unapatikana kwenye masafa ya 2.4 GHz, maana vifaa vingi vya aina hii havijui masafa mengine.

Baada ya hapo utakutana na runinga. Utataka kurusha video kutoka simuni, na runinga haitaonekana. Watu wengi hufika hapa, hukasirika, na kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Inafaa kujua kinachotokea. Simu hutafuta runinga kwa njia iitwayo mDNS: hutuma swali kwenye anwani 224.0.0.251, anwani isiyo ya mtu yeyote bali ya wote walio kwenye mtandao ule ule, na kusubiri atakayejitaja. Swali hilo kwa makusudi kabisa halivuki ruta. Likivuka, kila nyumba ingesikia maswali ya jirani yake. Kwa hiyo runinga haijaharibika wala ruta haijakosea, ukuta unafanya kile ulichowekewa. Ruta za kitaalamu zaidi zina huduma ndogo inayobeba maswali hayo kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kufungua njia nyingine yoyote. Asiye nayo anaweza kuhamisha simu kwenye mtandao wa vifaa kwa dakika anazotaka kurusha video, au kutumia programu zilizomo ndani ya runinga yenyewe. Kuirudisha runinga upande wa kuaminika ndilo jambo ambalo nisingelifanya. Runinga ina mfumo wake kamili, programu zake na mara nyingi kipaza sauti, na huishi ukutani miaka mingi baada ya mtengenezaji kuacha kuitengenezea masasisho.

Printa ni kesi ngumu zaidi. Kwa sheria ya upande inakaa vizuri kati ya vifaa, kwa sababu kompyuta ndiyo huiita. Kwa mtandao wa wageni wa kawaida, haitachapisha. Mwenye printa yenye soketi ya USB aiunganishe kwa waya na kuizimia Wi-Fi. Mwingine yeyote ataamua mwenyewe, na sitamlaumu akiiacha ndani, mradi aizime ikiwa haina kazi.

Kompyuta ya mwajiri nayo ina mahali pake. Ina programu za usimamizi ambazo si zako, na mwajiri naye hataki ikutane na kisanduku chako cha runinga. Kwa manufaa ya pande zote mbili, iwe mbali na vyote. Simu za wageni vilevile. Kama mtandao wa wageni sasa umejaa kamera, mgeni akiingia humo anakaa chumba kimoja na kamera zako. Ruta nyingi zina chaguo la kuzuia vifaa vya mtandao mmoja visionane, liwashe. Kama vifaa vyako vinahitaji kuonana, hapo ndipo mtandao wa tatu unapostahili.

Wa nne sioni haja yake. Kila jina la Wi-Fi hutangazwa hewani takriban mara 10 kwa sekunde, kwa kasi ya chini ili hata kifaa cha mbali kisikie, na matangazo hayo hula muda wa hewa ambao ungebeba data. Lakini sababu yangu kubwa si hewa, ni binadamu. Nimeona michoro ya nyumba zenye mitandao saba, ya taa, ya kamera, ya spika, ya watoto, ikiwa na sheria kurasa mbili, na mwenyewe akisafiri hakuna aliyebaki anayejua kuongeza simu mpya. Matokeo yake mtu hufungua njia moja pana "kwa muda", na muda huo hauishi. Mitandao miwili ambayo kila mtu nyumbani anaelewa tofauti yake inalinda zaidi.

Pia nisiufanye ukuta huu uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Hauzuii kifaa kupeleleza kupitia kazi yake yenyewe. Mwaka 2017 kampuni ya runinga ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la serikali ya Marekani na jimbo la New Jersey, baada ya kudaiwa kukusanya taarifa za vipindi vilivyotazamwa kwenye runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Runinga hizo zingetengwa, zingekusanya vile vile, kwa sababu taarifa zilitoka kwa njia halali ya kwenda intaneti. Kwa hilo dawa ni kuzima kipengele hicho kwenye mipangilio, au kuinyima runinga intaneti kabisa. Kamera ambayo nywila ya akaunti yake umeitumia pia kwenye tovuti kumi nyingine itafunguliwa kupitia seva ya kampuni, na ukuta wako hautahusika. Na ukuta wenyewe umo ndani ya ruta. Mwaka 2018 programu hasidi ya VPNFilter iligundulika imeingia kwenye ruta na diski za mtandao zaidi ya 500,000 katika nchi zisizopungua 54. Ruta ikitekwa, mlinzi wa mlango ndiye mwizi. Kwa hiyo masasisho ya ruta yaje kwanza, na nywila ya ukurasa wake ibadilishwe. Kisha uzime UPnP, huduma inayokiruhusu kifaa chochote cha ndani kuiomba ruta itoboe tundu kwenye ukuta wa nje, na ruta ikakubali bila kukuuliza.

Nikiyaandika yote haya najua ninamwomba mtu wa kawaida afanye kazi ambayo haikupaswa kuwa yake, na jambo hilo linaniuma. Serikali zimeanza kuwabana watengenezaji. Kiwango cha Ulaya cha EN 303 645 cha mwaka 2020 kinaanza na sharti la kutokuwa na nywila moja ya kiwandani kwa vifaa vyote. Uingereza imelifanya kuwa sheria tangu tarehe 29 Aprili 2024, pamoja na wajibu wa kumwambia mnunuzi masasisho yatadumu mpaka lini. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu uimara wa bidhaa za kidijitali itaanza kubana kikamilifu Desemba 2027. Ni hatua nzuri, nazipongeza. Ila zote zinaangalia kifaa kitakachouzwa kesho, wakati soketi yangu ya nyuma ya jokofu ilinunuliwa jana na itaishi miaka mingi bado. Chombo pekee kinachoviona vifaa vyote, vipya na vizee, ni ruta. Ruta inapowashwa mara ya kwanza hukuuliza jina la Wi-Fi na nywila. Ingeweza kuuliza mara mbili: mtandao wa watu, na mtandao wa vitu. Kungekuwa na skrini moja ya ziada, na watu ambao hawatasoma makala kama haya wangelindwa bila kujua neno VLAN. Watoa huduma wanaogawa ruta kwa wateja wao kwa wingi ndio walio na uwezo wa kulifanya hili, na ndio ningependa waulizwe kwa nini hawajalifanya.

Wakati tunasubiri, kuna jambo la mwisho ambalo halipaswi kurukwa: kujaribu. Usiamini alama ya tiki kwenye ukurasa wa ruta. Chukua simu, zima data, iunganishe na mtandao wa vifaa, kisha andika kwenye kivinjari anwani ya ukurasa wa ruta, halafu anwani ya printa au diski iliyo upande mwingine. Zote zinapaswa kugoma. Rudia jaribio hilo katika kila chumba.

Mimi nilijaribia sebuleni, zikagoma, nikaridhika. Siku mbili baadaye nilikuwa jikoni na simu bado ikiwa kwenye mtandao wa vifaa, nikajaribu tena bila sababu maalumu. Ukurasa wa diski yenye picha zetu ukafunguka mbele yangu, na kuniomba nywila. Ilikuwa kosa la kipanuzi cha Wi-Fi kilichohudumia upande ule wa nyumba. Kilikuwa kimenakili jina la mtandao wa wageni na nywila yake, lakini kila kilichoingia kupitia kwake kilikimwaga kwenye mtandao mkuu. Jina lilifika jikoni, ukuta haukufika. Na kifaa kilichokuwa karibu kabisa na kipanuzi hicho kilikuwa soketi ya nyuma ya jokofu.

Nilikiondolea kipanuzi jina la wageni, nikaisogeza ruta karibu na mlango wa jikoni, nikarudi kusimama pale pale. Simu ikazungusha kiduara chake kwa sekunde kadhaa, kisha ikaandika kwamba haikuweza kuifikia anwani hiyo. Nikafungua orodha ya vifaa, nikaitafuta ESP_ na tarakimu zake, nikaipa jina: soketi ya jokofu.